Bastola Huuzwa Kabla Haijalia

Mteja amesimama mbele ya kaunta ya duka la silaha nchini Marekani. Muuzaji anafungua kabati la kioo, anatoa bastola, anachomoa magazini, yaani kibweta cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, anavuta chuma cha juu kurudi nyuma ili mteja aone kwamba chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, kisha anamkabidhi. Mteja anaikamata. Kidole chake cha mwisho kinaning'inia hewani kwa kuwa mpini ni mfupi. Anaipima uzito kiganjani, anaiegesha kiunoni juu ya mkanda, anashusha shati na kujitazama. Haionekani. Anauliza bei. Uamuzi umeshapita, na hakuna risasi hata moja iliyolia.

Sisi tunaofundisha tabia za wanunuzi huwa tunaanzia hapo kila tunapoulizwa kwa nini bastola ndogo za kubeba kwa kificho zinauzika kiasi hiki. Sifa zinazomvuta mteja ni zile anazoweza kuzihisi akiwa amesimama kaunta: wembamba, wepesi, na idadi ya risasi iliyoandikwa kwenye boksi. Sifa zitakazomhusu baadaye hazionekani pale dukani.

Tuanze na mteja mwenyewe. Mwaka 1999 wenye bunduki nchini Marekani walipoulizwa sababu kuu ya kuwa nayo, asilimia 49 walitaja uwindaji na asilimia 26 walitaja ulinzi. Mwaka 2013 mambo yalikuwa yamegeuka: ulinzi asilimia 48, uwindaji asilimia 32. Mwindaji hununua bunduki ndefu na kuitoa msimu ukifika. Anayejilinda, au anayeamini anajilinda, anataka kitu cha kutoka nacho nyumbani kila siku.

Sheria nazo zilifungua mlango. Mwaka 1987 Florida iliamua kwamba anayetimiza masharti lazima apewe kibali cha kubeba silaha kwa kificho, bila ofisa kuuliza kama kweli ana haja nayo. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine, na mwaka 2013 Illinois ikawa ya mwisho kuruhusu ubebaji huo. Mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sharti la New York la mwombaji kuthibitisha sababu ya pekee. Kufikia 2024 majimbo 29 hayakuhitaji kibali kabisa kwa mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki silaha. Kila hatua hiyo ilizaa kundi jipya la watu wanaotafuta bastola isiyochomoza chini ya shati.

Wengi hawajui kwamba sheria hizo hizo zimechonga hata umbo la bastola yenyewe. Kuanzia 1994 hadi 2004 sheria ya shirikisho ilizuia kuwauzia raia magazini mpya za risasi zaidi ya 10. Watengenezaji walipiga hesabu rahisi: kama mwisho ni 10, ya nini kutengeneza mpini wa kubeba 15? Mwaka 1995 kampuni ya Glock ilitoa modeli ya 26, fupi na nene kidogo, yenye risasi 10 kamili. Sheria ilikwisha muda wake, lakini California, New York, New Jersey na Massachusetts zina kikomo cha 10. Ndiyo maana namba hiyo ina thamani kubwa kibiashara hadi leo. Magazini ya 10 inaruhusiwa karibu kila jimbo, na kiwanda hakilazimiki kutengeneza toleo lililopunguzwa.

Kuna na sheria ya 1968 kuhusu silaha zinazoingizwa kutoka nje. Bastola ya kigeni lazima iwe na kimo cha inchi 4 angalau na urefu wa inchi 6, yaani takriban milimita 102 kwa 152, kisha ikusanye pointi za kutosha katika fomu ya serikali. Walther PPK ya Ujerumani ilikuwa fupi mno kwa kimo. Kiwanda kikachukua sehemu ya juu ya PPK, kikaipachika kwenye mwili mrefu kidogo wa bastola yake kubwa, PP, na bastola mpya ikapata ruhusa kwa jina la PPK/S. Fomu ya forodha ilizalisha silaha! Kwa sababu hiyo hiyo, kampuni yenye asili ya Ulaya inayotaka kuuza bastola ndogo sana kwa Wamarekani huijenga huko huko. Glock, ambayo ni ya Austria, hutengenezea modeli zake nyembamba za 42 na 43 huko Smyrna, Georgia.

Sasa tuje kwenye muundo wenyewe, maana hapo ndipo ushindani ulipo. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa na njia mbili. Akitaka nyembamba, risasi zilipangwa mstari mmoja, moja juu ya nyingine, akapata sita hadi nane. Smith & Wesson Shield ya 2012 ilikuja na magazini za 7 na 8, na Glock 43 ya 2015 ilibeba 6. Akitaka risasi nyingi, zilipangwa mistari miwili kwa kupishana, na mpini ukanenepa. Ilibidi akose kimoja.

Januari 2018 kampuni ya SIG Sauer ilizindua P365. Ina upana wa milimita 25 hivi, urefu wa milimita 147, uzito wa takriban gramu 500 ikiwa na magazini tupu, na inabeba risasi 10 za milimita 9 pamoja na moja ya ziada kwenye chemba. Ujanja uko kwenye magazini. Chini risasi zinapishana kidogo, si kwa upana wote wa mistari miwili, halafu kuta za magazini zinabanana kadiri zinavyopanda hadi risasi zinajipanga moja moja kabla ya kuingia chemba. Milimita chache tu zilizookolewa pale zilibadili soko zima. Mwaka 2019 Springfield ikaja na Hellcat yenye risasi 11 na moja chemba, na 2021 Smith & Wesson na Ruger nazo zikaingia na Shield Plus na Max-9. Jina lenyewe, 365, ni tangazo: siku zote za mwaka.

Bei ya kupendekezwa ilikuwa dola 599. Sehemu ya P365 iliyosajiliwa kisheria kama silaha ni kiunzi kidogo cha chuma chenye kifyatulio, kinachochomolewa kutoka kwenye mpini. Kwa hiyo mwenye nayo anaweza kununua mpini mrefu zaidi kama anavyonunua kiatu, bila kufanyiwa ukaguzi mwingine wa serikali. Kwa mtaalamu wa masoko huo ni usanifu wa kusifiwa, maana mteja hamalizi kununua siku ya kwanza. Bado ala, yaani mfuko wa kuivalia kiunoni, magazini ya pili, kilengeo chenye taa nyekundu.

Kinachokosekana kwenye boksi ni teke, yaani bastola kurudi nyuma kwa nguvu mkononi inapofyatuliwa. Risasi ya gramu 7.5 ikitoka kwa kasi ya mita 330 kwa sekunde, bastola ya nusu kilo inasukumwa nyuma kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde, bila hata kuhesabu gesi ya baruti. Bastola ya chuma ya kilo moja, kwa risasi hiyo hiyo, inarudi kwa nusu ya kasi hiyo, na nishati inayofika mkononi ni nusu vilevile. Ongeza kwamba mpini mfupi unashikwa kwa vidole viwili na nusu. Ongeza pia kwamba vilengeo vya mbele na nyuma viko karibu, hivyo kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Wepesi ule ule uliomfurahisha mteja kaunta ndio utakaomwumiza kiganja kwenye uwanja wa mazoezi. Wengi hupiga boksi moja la risasi, wakaisafisha, wakaivaa, basi.

Watengenezaji wanalijua hili. Februari 2018 Smith & Wesson ilitoa Shield EZ ya risasi ya .380, iliyo dhaifu kuliko ya milimita 9, kubwa kuliko washindani wake lakini laini kuvuta chuma cha juu na yenye teke la upole. Ilipata wateja wake, hasa wenye mikono dhaifu. Kwa maoni yangu huo ndio muundo uliomfikiria mtumiaji kwa uaminifu zaidi katika kipindi chote hiki, ingawa kwenye jedwali la vipimo unaonekana umeshindwa.

Kuna jambo la ulinzi wa mlaji ambalo umma haulipi uzito wake. Marekani ina tume ya usalama wa bidhaa, inayoweza kulazimisha kiwanda kurudisha kibaniko cha mkate chenye hitilafu. Haiwezi kufanya hivyo kwa bastola. Sheria ya 1972 iliyounda tume hiyo iliweka nje bidhaa zote zinazotozwa kodi ya silaha, ambayo kwa bastola ni asilimia 10 ya bei ya kiwandani, na ambayo fedha zake, msomaji anaweza kushangaa, huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Matokeo yake, kuita bidhaa irudi ni hiari ya kampuni. Oktoba 2008 Ruger iliita kwa hiari bastola zake za LCP, modeli iliyotoka mwaka huo huo, kwa kuwa zingeweza kufyatuka zikianguka chini. Mwenye kununua toleo la kwanza la muundo mpya anafanya kazi ya upimaji bila kulipwa. Kusubiri mwaka mmoja hakugharimu kitu.

Halafu kuna saa za usiku. Matangazo huonyesha kiuno, hayaonyeshi meza ya kitandani. Bunduki ya uwindaji hufungiwa kabatini miezi kadhaa, lakini bastola ya kila siku hutoka kiunoni kila jioni na lazima iwekwe mahali, ikiwa na risasi, karibu na watoto na karibu na mtu mwenye msongo. Mwaka 2022 watu wapatao 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na takriban 27,000 kati yao walijiua. Sanduku dogo la kufuli linalofunguka kwa tarakimu lingepaswa kuuzwa pale pale kaunta kabla ya ala, tena muuzaji alitaje mwenyewe bila kuulizwa.

Ukitaka kuona soko hili lilivyo, acha kabati la bastola mpya uende kwenye rafu ya zilizotumika. Ichukue moja ya hizi nyembamba. Rangi imechubuka pale ilipokuwa ikisuguana na ala, na kwenye mpini kuna vumbi la nyuzi za nguo. Mwombe muuzaji aifungue, uchungulie ndani ya mtutu kwa tochi. Kuta zinang'aa kama siku ilipotoka kiwandani.