Njia za mawasiliano ya seli: moyo ulioumia unavyozidi kuumizwa

Ateri inayolisha moyo ikiziba, seli za misuli zilizokuwa zikitegemea damu yake hukosa oksijeni, na kama dakika 20 hivi baadaye huanza kufa. Hapo wengi tunapajua. Ndio mshtuko wa moyo. Kinachofuata hakizungumzwi sana. Seli haifi kimya, na sehemu ya madhara hutoka kwa wanaoitika yowe lake.

"Njia ya mawasiliano" ni mfululizo wa protini zinazopokezana ujumbe kutoka utando wa nje wa seli mpaka kwenye kiini, ambako jeni huwashwa au kuzimwa. Protini moja humbandika mwenzake kipande cha fosfati, naye hugeuka umbo na kumshtua wa tatu.

Chukua protini ya NF-kappa-B, iliyotambuliwa mwaka 1986 katika maabara ya David Baltimore huko Marekani. Siku za amani hukaa nje ya kiini, imeshikwa na protini iitwayo I-kappa-B kama mbwa aliyefungwa mnyororo. Seli ya jirani ikipasuka, vilivyokuwa ndani humwagika, na vipokezi vya jamii ya TLR, protini za seli zinazonusa dalili za hatari, huvinasa. Ujumbe ukifika, I-kappa-B hubandikwa fosfati kisha husagwasagwa. Mbwa kafunguliwa. NF-kappa-B huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za TNF, interlukini-6 na interlukini-1, kemikali zinazoleta uvimbe. Uvimbe huu si nundu ya kushikika; ni kinga ya mwili ikiwa kazini ndani ya nyama ya moyo.

Kinachonishangaza mimi ni mitokondria. Vijiwanda hivi vya nishati vilitokana na bakteria wa kale sana, na DNA yao bado inafanana na ya bakteria. Ikimwagika, kipokezi cha TLR9 huona vijidudu vimevamia. Mwili huenda vitani na adui ambaye hayupo.

La mgambo likilia kuna jambo, na wa kwanza kufika ni neutrofili, seli nyeupe za damu zinazoingia ndani ya saa chache na vimeng'enya vyao vikali. Hazichagui. Seli zilizonusurika pembezoni mwa kidonda nazo hupigwa, jeraha likapanuka.

Basi si tuzime yowe lenyewe? Hapana. Baada ya neutrofili huja makrofaji, ambazo huzoa mabaki na kusimamia ujenzi wa kovu, na kovu likiwa dhaifu ukuta wa moyo unaweza kupasuka. Moyo hauoti upya kama ngozi: kwa mtu mzima, seli za misuli yake zinazobadilishwa kwa mwaka hazifiki hata asilimia 1. Hata dawa za kawaida za kupunguza uvimbe zina shida: aliyepata mshtuko wa moyo huambiwa aachane na diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu mtu hununua duka la dawa bila kuulizwa lolote. Zinapunguza uvimbe kweli, lakini humwongezea hatari ya mshtuko mwingine. Aspirini ya dozi ndogo ni habari tofauti. Hiyo hupewa ili damu isigande.

Watafiti wakaamua kulenga ujumbe mmoja tu. Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ulijaribu dawa ya kanakinumabu, inayozuia interlukini-1 beta (aina mojawapo ya interlukini-1) peke yake. Kwa dozi ya miligramu 150, matukio mapya ya moyo na kiharusi yalipungua kwa takriban asilimia 15, ila vifo vya maambukizi viliongezeka. Kisha ikaja kolkisini, dawa ya zamani ya jongo na ya bei nafuu. Mwaka 2019, kwa wagonjwa 4,745 waliotoka kupata mshtuko, miligramu 0.5 kwa siku ilionyesha faida. Mwaka 2024 utafiti mwingine, CLEAR SYNERGY, uliwachukua wagonjwa 7,000 na ushee, na faida ile haikuonekana.