Maana ya "uwezekano wa kutokea" katika utabiri wa dhoruba

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inapotoa angalizo la upepo mkali au mvua kubwa, huwa inaweka mstari mmoja ambao wengi wetu tunaupita haraka: "Uwezekano wa kutokea: wastani." Mstari wa chini yake hutaja kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Kwenye mialo ya Mwanza, zile fukwe za Ziwa Victoria ambako mitumbwi ya uvuvi hutua, watu hubeba yale maneno ya "upepo mkali" na kuuacha uwezekano kwenye redio. Ugomvi mwingi kati ya wavuvi na watabiri unaanzia hapo.

Asubuhi moja, kwenye mwalo wa upande wa Igombe, nilimkuta nahodha wa mtumbwi wa dagaa amekasirika. Usiku hakuingia ziwani kwa sababu ya tangazo. Ziwa likalala shwari hadi alfajiri. Wenzake walioingia walirudi na ndoo zimejaa, kina mama wakawa wanamwaga dagaa juu ya chanja na kuwatandaza kwa viganja, wanang'aa jua linapochomoza. "Wametudanganya tena," akasema. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu pembeni akamjibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, hawakusema itakuja. Walisema inaweza." Nahodha akageuka: "Sasa mzee wangu, hiyo inaweza itanilisha?"

Swali lake ni zito na linastahili jibu.

Kwanza, neno lenyewe utabiri linatuponza. Kwa Kiswahili, anayetabiri yuko karibu na nabii na mpiga ramli, na nabii hupimwa kwa jambo moja tu: alichosema kimekuwa au hakikuwa. Tunaichukua TMA kwa kipimo hicho hicho. Lakini anayesema uwezekano anazungumzia usiku mwingi unaofanana. Chukua siku kumi ambazo hewa, joto la maji na mawingu vilikuwa hivyo hivyo. Akisema dhoruba itakuja katika tatu kati ya hizo kumi, halafu ikaja mara tatu, basi alisema kweli siku zote kumi, hata zile saba zilizokuwa shwari. Angesema tatu halafu ikaja mara tisa, huyo ndiye amekosea, na amekosea vibaya. Kwa hiyo usiku mmoja hauwezi kumtia mtabiri hatiani wala kumsafisha. Kinachotakiwa ni daftari: alisema nini, ikawa nini, kwa msimu mzima.

Kuna neno lingine linalochanganya zaidi, nalo ni wastani. Katika utabiri wa masika au vuli, "mvua za wastani" maana yake ni mvua zinazokaribia kiasi cha kawaida cha miaka thelathini ya kumbukumbu. Katika angalizo, "uwezekano wa wastani" maana yake ni kwamba jambo liko katikati, haliko mbali wala halijahakikishwa. Neno moja, kazi mbili. Ningependa sana matangazo yatoe na namba: tatu kati ya kumi, saba kati ya kumi. Mvuvi anayehesabu petroli, posho za vibarua na bei ya ndoo ya dagaa kila siku hashindwi na hesabu hiyo.

Kwa nini basi wasiseme tu itakuja au haitakuja? Kwa sababu ya ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji. Upepo mwepesi hutoka pande zote, Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu, ukaelekea katikati. Unapokutana huko hauna pa kwenda isipokuwa juu, ukiwa umebeba mvuke wa maji ya uvuguvugu, na kutokea hapo hujengeka mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba za ziwani hupenda usiku wa manane mpaka alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wamewasha taa na kushusha nyavu. Wingu moja la namna hii linaweza kuzaliwa na kufa ndani ya saa chache. Rada ya Mwanza huliona likishakuwepo. Kusema saa tisa alasiri kwamba litasimama juu ya mtumbwi gani saa tisa usiku ni jambo jingine. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Angalizo linaweza kuwa sahihi kabisa upande wa kisiwa cha Ukara huku wewe wa Igombe ukiona maji yametulia.

Mjadala wa mabadiliko ya tabianchi unateseka kwa ugonjwa huu huu, kwa ukubwa wa dunia nzima. Watu hutupa maswali matatu kwenye kapu moja: je, dunia inapata joto? Je, joto hilo linaongeza nguvu za dhoruba? Je, dhoruba itakuja wiki hii? Kila swali lina kiwango chake cha uhakika. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya 2021, lilisema hakuna shaka kwamba binadamu ameipasha dunia joto. Kuhusu vimbunga vya baharini lilisema kuna uwezekano kwamba sehemu ya vile vikali zaidi imeongezeka katika miongo minne iliyopita, na neno hilo kwao lina kipimo: angalau asilimia 66. Likipanda hadi "uwezekano mkubwa sana", ni angalau asilimia 90. Mtu akiokota shaka ya swali la pili na kuipandikiza kwenye la kwanza, mabishano hayaishi.

Marekani walipitia hayo mwaka 2005 na 2006. Kerry Emanuel, mwanasayansi wa hali ya hewa wa chuo kikuu cha MIT, aliandika kwamba nguvu za vimbunga zimepanda tangu miaka ya 1970 pamoja na joto la bahari. Wiki chache baadaye kimbunga Katrina kikauangamiza mji wa New Orleans. William Gray wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, mkongwe wa utabiri wa msimu wa vimbunga, alipinga: kwake ilikuwa mizunguko ya kawaida ya bahari. Watu wakachagua pande kama mashabiki wa mpira. Kisha msimu wa 2006, ambao kundi la Gray na watabiri wa serikali wote walitarajia uwe na vimbunga vingi, ukapoa, na wasioamini wakachekelea kana kwamba swali la miaka mingi limejibiwa na msimu mmoja. Kinachonigusa ni kwamba Julai 2006 wanasayansi kumi wa pande zote mbili, Emanuel akiwemo, walitia saini tamko moja: tunabishana kuhusu joto na vimbunga, lakini sote tunakubali kwamba hatari iliyo mbele yetu ni watu kuzidi kujenga kwenye pwani zinazopigwa.

Kwa jirani zetu Kenya, Oktoba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba El Nino, yaani mvua za kupita kiasi, iliyokuwa imetabiriwa haitakuwepo. Novemba mafuriko yakaja. Uwezekano ulikuwa umegeuzwa kuwa hapana, na hapana haina nafasi ya kujiandaa.

Na ziwa letu? Utafiti uliochapishwa 2016 ukiongozwa na mwanasayansi wa tabianchi Wim Thiery ulikadiria kwamba, hewa chafu inayopasha dunia joto ikiendelea kumwagwa kwa wingi, mpaka mwisho wa karne hii mvua kali mno zitaongezeka juu ya Ziwa Victoria takriban mara mbili ya ongezeko la nchi kavu inayolizunguka. Hayo ni makadirio yenye sharti. Huwezi kuyapima kwa masika ya mwaka huu, kama ambavyo nahodha hawezi kuipima TMA kwa usiku mmoja. Utafiti huo huo una jambo la kutumika leo: mvua ya nchi kavu mchana husaidia kuandaa dhoruba kali ya ziwani usiku unaofuata, kwa kuuzidishia nguvu ule upepo unaokutana katikati na kuuongezea unyevu.

Hilo nililipeleka kwa nahodha yule tulipokutana tena, giza la mwezi limeingia. Nikamwambia jibu langu kwa swali lake: "inaweza" haikulishi, inakupa bei. Ukijua ni tatu kati ya kumi, unaweza kupima hasara ya usiku mmoja bila dagaa, au kuingia lakini usiende mbali, na maboya ya kujiokolea yawe yamevaliwa, yasifungiwe chini ya mbao. Akanyamaza. Alasiri ile mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Magu na radi ilisikika mpaka mwaloni. Alisikiliza, akawaita vibarua wake, wakaingia. Taa zao niliziona zimewashwa karibu, mahali unapoweza kurudi kwa kasia mashine ikizima.