Kabla ya Tangazo Kuna Friji: Soda Inavyouzwa Kisumu

Wanafunzi wa biashara wanaokuja kwetu kujifunza kazi huamini kwamba nguvu ya kampuni kubwa ya vinywaji iko kwenye tangazo. Huwa nawapeleka Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, saa saba mchana, jua likiwaka, nawaambia wahesabu friji nyekundu za Coca-Cola kutoka barabarani hadi ndani ya mtaa. Wengi huacha kuhesabu kabla hatujafika mbali.

Coca-Cola ya Atlanta, Marekani, haitengenezi soda unayokunywa Kisumu. Inauza kiini chake na kusimamia jina. Maji, sukari, mitambo, malori, kreti na vijana wa mauzo wanaozunguka madukani ni mzigo wa kampuni inayojaza chupa, na hapa kwetu hiyo ni Equator Bottlers. Mgawanyo huu ni wa tangu 1899, pale mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walipopewa haki ya kujaza soda hiyo kwenye chupa karibu Marekani nzima. Bei ya mkataba ilikuwa dola moja.

Mkataba huo uliifunga bei ya sharubati, yaani kiini chenye sukari, waliyouziwa, hivyo Coca-Cola haikuwa na njia ya kupata zaidi ila kuuza kwa wingi, na soda ikiuzwa ghali wingi unapungua. Basi ikaitangaza bei yenyewe: senti tano, kila ukuta, kila gazeti. Bei hiyo ilidumu tangu 1886 hadi miaka ya 1950, hata baada ya mkataba kulegezwa, kwa kuwa mashine za kuuzia zilimeza sarafu moja tu ya senti tano. Mwaka 1953 Robert Woodruff, kigogo wa kampuni, alimwomba rafiki yake Rais Eisenhower wa Marekani atengenezewe sarafu ya senti saba na nusu. Hakuipata.

Hadithi hiyo si ya zamani kama inavyosikika. Ukipandisha bei ya soda kwa shilingi tano, umemtafutia mama wa duka wa Manyatta shida ya chenji. Atampa mteja peremende badala ya sarafu, au mteja aondoke. Ndiyo maana kampuni zenye akili huiacha bei ikae kwenye kumi kumi, kisha zinachezea ujazo: chupa inapungua kidogo, au inaletwa saizi mpya. Mimi naona ni ujanja, lakini ni ujanja unaoheshimu mfuko wa mnunuzi kuliko bei isiyolipika. Royco na Nescafé za pakiti ndogo zimeshika njia hiyo hiyo. Mtu wa kibarua hununua mchuzi wa leo, si wa mwezi.

Sasa friji. Mwenye duka hupewa bila kuinunua, ila kwa masharti: ikae mbele ionekane, na ndani mwake zikae bidhaa za aliyeitoa tu. Umeme analipa mwenye duka. Kijana wa mauzo akipita hufungua mlango kabla hata ya kusalimia, akikuta maji au juisi ya kampuni nyingine anauliza kulikoni. Duka lenye nafasi ya friji moja limeshachaguliwa mshindi. Huko Ulaya jambo hili lilifika kwa wasimamizi wa ushindani, na mwaka 2005 Coca-Cola iliahidi kwamba duka likiwa na friji yake peke yake, asilimia 20 ya nafasi iachwe kwa bidhaa za wengine. Kwangu ile ni sheria ya busara, na ningependa kuiona huku.

Chupa ya kioo nayo ina siri yake. Inarudishwa, inaoshwa, inajazwa tena, kwa hiyo soda yake huwa nafuu kuliko ya plastiki. Mteja hunywea hapo hapo, chupa haitoki. Lakini duka jipya lisilo na chupa tupu halipati kreti ya soda 24 mpaka liweke amana ya chupa na ya kreti yenyewe. Kwa mwenye mtaji mdogo, zile kreti tupu zilizopangwa nyuma ya duka ni pesa iliyolala.

Matangazo yapo, sikatai. Ramogi FM kwa Kidholuo, Mulembe FM kwa Kiluhya, Egesa FM kwa Kikisii. Tangazo la Nairobi likitafsiriwa tu, watu husikia ugeni wake. Kalenda nayo ina uzito wake: mvua ya masika hupunguza kiu, Desemba watu wakirudi nyumbani magharibi stoo hukauka, na wenye maduka ya jumla wanajua kuongeza akiba kabla ya Jumamosi kwa ajili ya matanga na harusi.

Watengenezaji wadogo wa juisi na maziwa mala huniuliza kama wanunue muda redioni. Nawaambia pesa hiyo waiweke kwanza kwenye makasha ya barafu na vijana wa kuuza pale friji nyekundu isipofika: stendi za matatu, mlango wa uwanja siku ya mechi, ufuo wa Dunga mchana. Bei iwe sarafu moja. Mteja akirudi mara ya pili bila kuitwa, hapo twende tukaongee na redio.