Kinasi za protini: seli inavyozishika breki

Unavuka Moi Avenue, boda boda inakukosa kwa inchi chache. Hujamaliza kumfokea mwendeshaji, tayari moyo unadunda na misuli imeanza kuvunja akiba yake ya sukari. Kinachoifungulia akiba hiyo ni kinasi za protini.

Kinasi ya protini ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika juu ya protini nyingine, hasa kwenye serini, threonini au tairosini, ambazo ni baadhi ya asidi amino zinazojenga protini. Fosfeti ina chaji hasi. Ikishabandikwa, umbo la protini hubadilika na kazi yake pia. Binadamu ana jeni zaidi ya 500 za kinasi, na zote zikiachwa zifanye zitakavyo, seli haina maisha.

Wengi hudhani kinasi hulala mpaka iamshwe. Kwa kinasi A, ile inayoitikia adrenalini, homoni inayomwagika mtu akishtuka, ni kinyume: sehemu yake inayofanya kazi iko tayari muda wote, ila imezuiwa. Kinasi hii ina vipande vinne, viwili vya kazi na viwili vya kuzuia. Kizuizi kina mkia unaofanana na protini ambazo kinasi huzibandika fosfeti, nao umejichomeka pale pale pa kazi, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli. Adrenalini ikigusa kipokezi kwenye utando wa seli, ndani hutengenezwa AMP mviringo, molekuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Molekuli mbili zake hukaa juu ya kila kizuizi, mshiko unalegea, kinasi inaachiliwa.

Hapo hubandika fosfeti kwenye kinasi ya pili, nayo hubandika kwenye kimeng'enya kinachovunja glikojeni, yaani ile akiba ya sukari. Hii ya pili husikiliza pia kalisi, ambayo msuli huitoa unapojikunja, kwa hiyo msuli unaokimbia huvunja sukari zaidi. Ni kwa kuchunguza hatua hii ya misuli, miaka ya 1950 huko Seattle, Marekani, ambapo wanabiokemia Edmond Fischer na Edwin Krebs walifika kwenye Tuzo ya Nobel ya 1992.

Hatari ikipita, AMP mviringo huvunjwa, na vimeng'enya viitwavyo fosfatasi hubandua fosfeti zilizowekwa.

Si kinasi zote zinafuata njia hii. Zile zinazosukuma seli igawanyike hazina nguvu bila mwenza, protini iitwayo saiklini, ambayo seli huitengeneza kwa wakati wake kisha huiharibu. Nyingine, kama Src, hufungwa na fosfeti yenyewe: ikibandikwa mkiani, mkia hujikunja na kuing'ang'ania kinasi. Kwa hiyo fosfeti si swichi ya kuwasha tu, jambo linalowaponyoka wengi kwenye mitihani.

Breki zikikatika ndipo umuhimu wake unaonekana. Kuna aina ya saratani ya damu inayotokana na kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande. Kinasi ABL huunganishwa na protini nyingine na kupoteza ncha iliyokuwa ikiituliza, ikawa inafanya kazi bila kukoma. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huingia kwenye mfuko ambamo ATP hukaa ndani ya kinasi hiyo, tena huishika vyema ikiwa katika umbo lake la kupumzika. Asidi amino moja tu ikibadilika ndani ya mfuko huo, pale nafasi ya 315, dawa haishiki tena.