Vizibo mfukoni: kupunguza pombe kwa mnywaji wa Moshi

Mtu akisema anakunywa "mbili tatu tu", mimi huuliza: mbili tatu za nini? Bia ya kawaida ya baa zetu ni chupa ya mililita 500 yenye pombe asilimia 5. Hapo pana mililita 25 za pombe tupu, karibu gramu 20. Sasa chukua "ndogo" ya pombe kali, mililita 250 kwa asilimia 35. Ni gramu 70 hivi, sawa na bia tatu na nusu ndani ya chupa inayoingia mfuko wa suruali. Aliyeacha bia tano akahamia ndogo mbili anajisifu ameshuka, kumbe katoka gramu 100 kaenda 140. Kosa hili nadhani ndilo linalowaangusha wengi.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, inavuruga hesabu. Haina lebo, kila mama ana mkono wake, na ikishatiwa kimea cha ulezi inaendelea kuchacha humo humo kwenye ndoo. Ya saa nne asubuhi si ya saa kumi na mbili jioni. Kwa mbege usihangaike na gramu, hesabu lita, na iliyolala ipe heshima yake. Gongo, ile pombe kali ya kienyeji inayokenekwa mitaani, siiweki kwenye hesabu yoyote. Huwezi kujua nguvu yake, na ikiwa na methanoli inapofusha au inaua.

Kabla ya kupunguza chochote, jikague asubuhi. Nyosha mikono mbele, tanua vidole. Vikitetemeka, jasho likikutoka, na hutulii mpaka uzimue, usikate pombe ghafla. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kunakofuata siku ya pili hadi ya nne kunaua watu. Hilo si jambo la kujikaza kiume. Nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, mwambie daktari kiasi halisi unachokunywa, bila kupunguza kwa aibu. Kuna dawa za kutuliza hali hiyo, na mara nyingi huongezwa vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini.

Kama hutetemeki, andika wiki nzima kwenye simu, Jumatatu hadi Jumapili. Andika chupa inapofunguliwa, maana kesho yake utakumbuka nne wakati zilikuwa saba. Ukikuta jumla ni chupa 24, wiki inayofuata lenga 20, kisha 16, uzidi kushuka hivyo hivyo, na ndani yake weka siku tatu kavu. Ila usizikusanye zote Jumamosi: chupa tatu kwa kikao kimoja ni gramu 60, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani tayari linakiita unywaji wa kupindukia.

Baa ndiyo kazi yenyewe. Adui mkubwa hapo ni raundi. Meza ya watu sita, kila mmoja akizungusha mara moja, umeshakunywa sita hata kama kiu yako ilikuwa ya mbili, na anayekunywa haraka kuliko wote ndiye anayewapangia wengine mwendo. Mwambie mhudumu mapema, kabla ya chupa ya kwanza, kwamba bili yako iko peke yake, na ulipe kila chupa inapofika. Beba taslimu ya idadi uliyopanga pamoja na nauli ya bodaboda. Kama kaunta wana daftari lenye jina lako, maliza deni na uombe lifutwe kabisa. Mkopo hauna kikomo.

Kila chupa ikifunguliwa, kizibo kitie mfuko wa shati. Chupa tupu mhudumu anaondoa, ila vizibo vitatu mfukoni utavigusa tu. Agiza maji ya lita moja yakae mezani, hasa penye kitimoto na kachumbari ya pilipili, kwa sababu chumvi ile inaleta kiu na kiu unaizima kwa kilicho karibu. Kula kabla, mtori au ugali. Fika saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Na ukiulizwa ya moto au ya baridi, chukua ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji. Wapenzi wa baridi mtanisamehe, lakini ya moto haigidwi.

Ini linachoma gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi. Chupa moja inadai saa mbili au zaidi. Bia tano zilizoisha saa sita usiku bado zimo mwilini wakati wa kwenda kazini. Supu, kahawa na maji ya baridi vinakuamsha tu. Ini haliongezi mwendo.

Desemba ni mtihani mwingine, watu wakipanda kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani kwa sikukuu, na kila kihamba, shamba la ukoo, kina ndoo ya mbege. Kukataa kata ya mbege ya mzee mbele za watu ni vigumu, na sioni haja ya kuanzisha vita. Ipokee kwa mikono miwili, shukuru, onja, kaa nayo. Usiseme uko kwenye dawa, utaulizwa ugonjwa mpaka jioni. "Mzee, ya leo imenitosha" inatosha. Na usiimalize kwa adabu ukidhani utaachwa: kata tupu hujazwa bila kuuliza, iliyojaa huachwa mikononi mwako.