Si kila alama kwenye marumaru ni doa

Wengi huamini kwamba alama yoyote inayobaki juu ya kaunta ya marumaru ni doa, na kwamba siki au limau vitaiondoa. Kumbe ndivyo vinavyoiharibu. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, madini yanayoliwa na asidi, hivyo tone la limau lililosahaulika huacha duara lililofifia ambalo halitang'aa hata ukilisugua kutwa, kwa kuwa hakuna uchafu wa kuondoa. Uso wa jiwe wenyewe ndio uliolika, nao huhitaji kung'arishwa upya. Doa halisi la mafuta, kinyume chake, hulitia jiwe weusi kwa sababu limepenya ndani, na hufyonzwa kwa uji mzito wa soda ya kuokea, uliopakwa na kufunikwa kwa plastiki kwa saa 24, mara nyingine zaidi ya mara moja.