Mtunzi wa muziki wa filamu na televisheni: maana ya kazi yake

Mtunzi wa muziki wa filamu na televisheni ni mtu anayetunga muziki mpya kwa ajili ya picha ambazo, mara nyingi, zimekwisha kupigwa na kuhaririwa kabla yeye hajaandika nota hata moja. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayomtenga na watunzi wengine. Mtunzi wa nyimbo huamua mwenyewe ubeti uishie wapi na kiitikio kirudiwe mara ngapi. Mtunzi wa kwaya huongozwa na maneno, lakini akitaka kuyavuta au kuyarudia hakuna wa kumzuia. Huyu wa filamu hukabidhiwa muda uliokwisha kukatwa na mtu mwingine, wenye sekunde zake kamili, na ndani ya muda huo yamo mazungumzo ya waigizaji, milio ya magari, nyayo na vishindo, ambavyo vyote vina haki ya kusikika kabla ya fidla zake.

Wengi humchanganya na watu walio jirani naye katika kazi. Anayechagua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na kuziombea kibali kwa wenye hakimiliki ni msimamizi wa muziki, na huenda hajui kupiga ala yoyote. Anayetengeneza mlio wa mvua au wa kitasa ni fundi wa sauti. Muziki unaotoka katika redio iliyo mezani kwa mhusika, ambao mhusika mwenyewe anausikia na anaweza kunyoosha mkono akauzima, unaweza kuwa umetungwa na mtunzi wetu au ukawa wa mtu mwingine kabisa. Lakini ule ambao mhusika hausikii, unaomfikia mtazamaji peke yake, huo ndio uwanja wake hasa.

Kazi hii ina umri unaokaribiana na wa sinema yenyewe. Filamu za awali hazikuwa na sauti, ila kumbi zake hazikuwa kimya: mpiga piano, au okestra nzima katika kumbi kubwa, alipiga huku akitazama picha, mara nyingi akiunganisha vipande alivyovijua tangu zamani. Mwaka 1908 mtunzi Camille Saint-Saëns wa Ufaransa aliandika muziki mahususi kwa filamu fupi ya kihistoria, na hutajwa miongoni mwa watunzi wa kwanza wenye jina kubwa kufanya hivyo. Sauti ilipoanza kuunganishwa na picha mwishoni mwa miaka ya 1920, watayarishaji wengi waliuogopa muziki usio na chanzo kinachoonekana, wakihofu kwamba mtazamaji atajiuliza wapigaji wamejificha wapi. Max Steiner, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alisaidia sana kuiondoa hofu hiyo mwaka 1933 alipoiandikia King Kong, filamu ya sokwe mkubwa mno, muziki wa okestra uliomfuata mnyama yule hatua kwa hatua, na hakuna mtazamaji aliyeuliza okestra imeingiaje msituni.

Kazi huanza kwa kikao. Mtunzi huketi na mwongozaji, na pengine mhariri wa muziki, wakaitazama filamu mwanzo hadi mwisho wakiisimamisha kila mahali penye swali: muziki uanze hapa au baada ya mhusika kugeuka, uishe kwa ghafla au ufifie, na je, unahitajika kweli? Kila kipande kinachokubaliwa hupewa namba. Kwa mazoea yaliyobaki tangu enzi za filamu za mikanda, 2M3 humaanisha kipande cha tatu cha muziki katika mkanda wa pili, na watu wa kazi hii huzungumza kwa namba hizo kutwa nzima bila kutaja majina.

Kwa maoni yangu kikao hicho ndicho sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu kinachoamuliwa zaidi humo ni ukimya. Mfano unaojulikana ni wa mwaka 1975, katika filamu ya Jaws, ambamo John Williams alimpa papa nota mbili tu zinazopokezana, zikianza polepole na kuongezeka kasi. Mtazamaji hufundishwa mapema kwamba nota zile zikisikika, papa yupo. Baadaye watoto wawili wanapowatisha waogaji kwa pezi la bandia, nota hazipigwi. Watu wote ufukweni wanapiga mayowe na muziki haupo, kwa maana muziki ule ni mali ya papa wa kweli. Mtunzi asiye na uzoefu angejaza pale kelele za hatari, akawa ameuvunja mkataba aliokwisha kuuweka na mtazamaji.

Baada ya kikao huja hesabu, na hapa wengi waliopenda kazi hii kwa mbali hushangaa. Filamu ya sinema kwa kawaida huenda kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na televisheni katika nchi nyingi huenda kwa 25. Tuseme mwanamke anaingia nyumbani, anapita ukumbini, na ifikapo sekunde ya 23 kamili mlango unafungwa nyuma yake kwa kishindo. Mwongozaji anataka muziki ubadilike pale pale, si kabla wala baada. Mtunzi amechagua kasi ya mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila nusu sekunde, sawa na fremu 12. Kufikia mlango kufungwa, mapigo 46 yatakuwa yamepita. Ikiwa anaandika kwa vipimo vya mapigo manne manne, hivyo ni vipimo 11 na mapigo mawili ya ziada; mlango basi unaangukia katikati ya kipimo cha 12, mahali ambapo badiliko lingesikika kama mtu aliyejikwaa. Anaweza kupunguza kasi hadi karibu 114.8, ili mapigo 44, ambayo ni vipimo 11 kamili, yajaze sekunde zile zile 23. Anaweza pia kuiacha kasi ilivyo na kuchomeka kipimo kimoja kifupi cha mapigo mawili, ambacho msikilizaji hatakigundua kikifichwa chini ya maneno ya mhusika. Halafu jioni mhariri wa picha anapiga simu kusema kwamba ukumbi umeonekana mrefu mno, hivyo ameondoa sekunde moja na nusu. Mapigo 46 yamekuwa 43, na yote yaliyofanyika tangu asubuhi yanarudiwa.

Tatizo jingine halina hesabu. Mhariri anapokata picha huhitaji muziki wowote wa kumsaidia kuhisi mwendo, kwa hiyo huweka vipande vya filamu nyingine kama mtu anavyoshikiza nguo kwa pini kabla ya kuishona. Muziki huo wa kushikizia hukaa pale kwa majuma, pengine kwa miezi, na mwongozaji huuzoea hadi kuupenda. Mtunzi anapofika huambiwa: tunataka kitu kipya, lakini kiwe kama hiki. Alex North aliyaona makali ya jambo hilo kwa namna ya pekee. Aliandika na kurekodi muziki kwa ajili ya 2001: A Space Odyssey ya mwongozaji Stanley Kubrick, iliyotoka mwaka 1968, Kubrick akaamua kubaki na vipande vya watunzi wa kale na wa kisasa alivyokuwa amevizoea, na North akaligundua hilo alipokwenda kuitazama filamu. Kukataliwa kwa muziki uliokamilika si ajabu katika kazi hii, na si lazima kumaanishe kwamba muziki ulikuwa mbaya.

Upo pia upande mwingine. Bernard Herrmann, alipoiandikia Psycho ya mwaka 1960 kwa ala za nyuzi peke yake, aliandika muziki kwa tukio la bafuni ambalo mwongozaji, Alfred Hitchcock, alikuwa ametaka libaki bila muziki. Hitchcock alipolitazama tukio hilo pamoja na fidla zile kali, alibadili nia. Mtunzi basi si mtumishi anayeitikia kila neno, ingawa anayejaribu ukaidi wa Herrmann ni heri awe na kipande kilicho tayari mkononi, maana mwongozaji hubadilishwa na anachokisikia kuliko anachoelezwa.

Kuandika chini ya mazungumzo ni ufundi wa namna yake. Selo, ala ya nyuzi iliyo kubwa kuliko fidla, kwa mfano, hukaa karibu na kimo cha sauti ya mwanamume anapoongea, kwa hiyo wimbo mtamu wa selo ukipigwa wakati baba anamuaga mwanawe, aidha maneno yatapotea au fundi wa kuchanganya sauti atauteremsha muziki hadi usisikike. Mtunzi mzoefu huacha nafasi mahali sauti ya mwigizaji inapokaa, akaweka nota ndefu juu yake na nyingine chini yake, na wimbo wenyewe akauhifadhi kwa ajili ya sekunde chache ambazo hakuna anayesema.

Katika filamu kubwa mtunzi hafanyi haya peke yake. Yupo anayesambaza mawazo yake kwa ala za okestra, yupo anayenakili sehemu ya kila mpigaji, yupo anayeongoza wapigaji studio huku wote wakisikia mapigo ya kuwaongoza katika vipokea sauti vya masikioni, na yupo anayerekodi na kuchanganya. Kabla ya kufika huko, mwongozaji atakuwa amesikia kila kipande kwa mfano uliotengenezwa kwa kompyuta. Hilo limewezekana tangu mfumo wa MIDI wa kuunganisha vinanda vya kielektroniki na kompyuta ulipoanza kutumika mwaka 1983, na limebadili kazi kwa kiasi kikubwa: zamani mtunzi alipiga wimbo wake kwenye piano na kumwomba mwongozaji afikirie okestra, ilhali leo mwongozaji anataka kuisikia okestra yenyewe kabla ya kulipia hata mpigaji mmoja.

Televisheni inatofautiana na filamu kwa mwendo zaidi ya kwa aina ya kazi. Filamu ikimpa mtunzi miezi, tamthilia ya televisheni yaweza kumpa siku chache kwa kila sehemu, kisha ije nyingine, na nyingine. Kwa hiyo yeye hutengeneza mapema akiba ya sauti na vijiwimbo vya wahusika, ambavyo huvikata na kuviunga upya msimu mzima. Kitu kinachodumu zaidi ni muziki wa utambulisho, ule wa mwanzo wa kipindi, ambao katika nusu dakika au chini ya hapo lazima umwite mtu aliye jikoni arudi sebuleni. Wengine huishi kwa filamu za makala na matangazo ya biashara, na wengine huandikia maktaba za muziki vipande visivyo na picha maalumu, ambavyo watayarishaji huvichukua kwa kibali. Ni riziki halali, ingawa hutajwa mara chache.

Kuingia katika kazi hii hakuna mlango mmoja. Elimu ya utunzi na ya ala husaidia, na shule zenye kozi mahususi zipo, lakini hakuna cheti kinachodaiwa na mwongozaji. Njia ya kawaida ni kumsaidia mtunzi mkubwa, kupanga mafaili yake, kusafisha mifano yake ya kompyuta, na pengine kumwandikia vipande ambavyo jina la msaidizi halitaonekana popote. Desturi hiyo ya mwisho ipo, na sioni sababu ya kuisifu. Njia nyingine ni kuandikia filamu fupi za wanafunzi wa uongozaji, kwa kuwa mwongozaji akipanda humvuta aliyemzoea. Kupanda huko hakuna ratiba. Ennio Morricone, aliyekuwa na mamia ya filamu nyuma yake, alipata Oscar ya heshima mwaka 2007, na ile ya kushindaniwa mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 87. Rachel Portman alipokuwa mtunzi wa kwanza mwanamke kushinda Oscar ya muziki uliotungwa mahususi kwa filamu, mwaka 1997, tuzo za muziki wa filamu zilikuwa zimetolewa kwa zaidi ya miaka 60.

Malipo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ujira wa kutunga, ambao mara nyingi hutolewa kwa jumla: mtunzi hupewa kiasi kimoja, na humo alipe studio, wapigaji na fundi, kinachobaki ndicho chake. Akiahidi okestra na bajeti ikatosha kibodi, hasara ni yake. Ya pili ni mirabaha, fedha zinazokusanywa na vyama vya hakimiliki, kama PRS ya Uingereza na ASCAP ya Marekani, vyote vilivyoanzishwa mwaka 1914, kila muziki unapotangazwa hadharani. Kanuni hazifanani: kumbi za sinema za Marekani hazilipi mirabaha hiyo kwa muziki uliomo ndani ya filamu, ilhali za nchi nyingi za Ulaya hulipa. Zipo pia kampuni zinazotaka kununua haki zote kwa mkupuo mmoja, na mtunzi mwenye njaa hutia saini, kisha miaka kumi baadaye kipindi bado kinarushwa na yeye hapati kitu.

Chanzo cha mirabaha yote ni karatasi moja ya orodha, inayotaja kila kipande cha muziki katika filamu, sekunde zake, namna kilivyotumika, aliyekitunga na mgawo wake. Kwa kawaida huandaliwa na ofisi ya mtayarishaji mwishoni kabisa, wakati kila mtu amechoka na anawaza kazi inayofuata. Jina likikosewa au kipande cha dakika mbili kikiandikwa sekunde mbili, fedha hukaa bila mwenyewe au huenda pungufu, bila yeyote kuwa amekusudia kuiba. Ndiyo maana watunzi wakongwe huidai nakala ya orodha hiyo kabla ya filamu kutoka, wakaiweka kando ya filamu yenyewe na kuihakiki mstari kwa mstari, saa ya kupimia sekunde ikiwa mkononi.